Zahanati, kituo cha afya au hospitali ya rufaa: uanzie mlango upi?

Saa moja asubuhi, benchi la mapokezi katika hospitali ya rufaa jijini Dodoma limejaa. Yupo mama aliyempakata mtoto mwenye mafua ya siku mbili. Pembeni yake mzee amekuja kupimwa presha na kuchukua dawa za mwezi. Wa tatu ni kijana aliyetoka Bahi alfajiri na uvimbe tumboni, fomu ya rufaa ameikunja mfukoni. Wawili wa kwanza wangeweza kuhudumiwa karibu na kwao, wakarudi nyumbani kabla ya saa nne. Yule kijana hana pengine pa kwenda, na ndiye anayeumizwa zaidi na foleni hiyo.

Mtaani utasikia, "Zahanati kuna nini? Twende tu Mkapa." Mkapa ni Hospitali ya Benjamin Mkapa, ya ngazi ya kanda. Anayesema hivyo anampenda mgonjwa wake na anataka apate kilicho bora. Tatizo ni kwamba anazisoma ngazi za huduma kama vyeo, kwamba ya juu ni nzuri na ya chini ni mbovu. Ngazi ni mgawanyo wa kazi. Mwenye debe moja la mahindi anakwenda mashine ya kusaga ya mtaani kwake, hapakii basi kwenda soko la nafaka la Kibaigwa. Kibaigwa ni kubwa, lakini kazi yake ni magunia na malori.

Tuyaweke majina sawa kwanza, maana mengi huchanganywa.

Zahanati ndiyo mlango wa kijiji au mtaa. Kwa kawaida ina tabibu, muuguzi mkunga na kipimo cha haraka cha malaria. Hutoa chanjo, kliniki ya wajawazito na watoto, uzazi wa mpango, matibabu ya magonjwa ya kawaida, na huzalisha mama ambaye ujauzito wake hauna tatizo. Hailazi wagonjwa, labda kumpumzisha mtu saa chache akiangaliwa.

Kituo cha afya kimekusudiwa kata nzima. Hapa kuna vitanda vya kulaza, maabara yenye vipimo zaidi, na huduma usiku na mchana. Vingi siku hizi vimejengewa chumba cha upasuaji, hasa kwa ajili ya mama anayeshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida. Vingi, siyo vyote, kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema kama cha kata yako kinafanya upasuaji huo.

Hospitali ya wilaya ina madaktari, eksirei, ultrasaundi na upasuaji wa kawaida kama wa ngiri au kidole tumbo. Hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Dodoma wenyeji wengi bado wanaiita General, ndipo unapowakuta madaktari bingwa wa watoto, wanawake, upasuaji na magonjwa ya ndani. Juu yake ni hospitali ya kanda. Kwa kanda ya kati ni Benjamin Mkapa, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, yenye mabingwa bobezi wa viungo mahsusi kama figo na moyo. Mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo. Kileleni ipo Muhimbili, pamoja na taasisi zenye kazi moja kila moja: Ocean Road kwa saratani, Taasisi ya Jakaya Kikwete kwa moyo, MOI kwa mifupa na ubongo.

Hospitali za mashirika ya dini zimo ndani ya ngazi hizihizi. Mvumi kule Chamwino na Mtakatifu Gaspar kule Itigi ni mifano inayojulikana. Mvumi ina sifa ya muda mrefu katika matibabu ya macho, kwa hiyo mwenye mtoto wa jicho asidhani kwamba kwa kuwa haiko katikati ya jiji basi haina mtaalamu.

Sasa, mgonjwa yuko mbele yako. Jiulize mambo mawili. Hali yake inabadilika kwa kasi gani: dakika, saa, siku au wiki? Na tatizo hili linahitaji kifaa au mkono gani? Majibu hayo yatakupeleka kwenye mlango sahihi kuliko jina la hospitali.

Chukua homa, jambo linaloleta watu wengi zaidi. Mtu mzima ana homa tangu jana, anakula kidogo, anatembea, anaongea vizuri. Hali inakwenda kwa siku, na kifaa kinachohitajika kwanza ni kipimo cha malaria. Zahanati inacho. Mhudumu anatoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye kitundu kimoja cha kibao kidogo cheupe, matone ya dawa kwenye kitundu kingine, kisha anasubiri dakika 15 hadi 20. Mstari ukitokea kwenye herufi C peke yake, malaria haikuonekana. Ukitokea kwenye C na mwingine kwenye T, ipo, hata kama huo wa T umefifia. Pasipotokea mstari kwenye C, kipimo kimeharibika na kirudiwe. Una haki ya kuomba uonyeshwe kibao hicho. Kinachoharibu majibu mara nyingi ni haraka: kusoma baada ya dakika tano, foleni ikiwa ndefu, kabla mstari wa T haujapata nafasi ya kujitokeza.

Kwa mkoa kama Dodoma jambo hili lina uzito wa pekee. Malaria hapa ni chache kuliko Kanda ya Ziwa au kusini mwa nchi, kwa hiyo homa nyingi zina sababu nyingine. Anayemeza dawa mseto bila kupima anaweza kuwa anaacha nimonia au maambukizi ya mkojo yaendelee huku akijihesabu kuwa ameanza tiba. Kuna pia jibu la "una taifodi", linalotolewa kwa wepesi mno. Kipimo cha Widali, kinachotumika sana kwenye maabara ndogo, huonyesha askari wa mwili waliowahi kupambana na vijidudu vya aina hiyo. Hakionyeshi kwamba ugonjwa uko mwilini leo. Mtu mwenye afya kabisa anaweza kupata majibu ya "moja kwa mia na sitini" kwa sababu ya maambukizi ya zamani. Ukiambiwa una taifodi kila baada ya miezi miwili, kinachotakiwa ni kumwona daktari akuchunguze upya, ikibidi damu ioteshwe maabara ya hospitali. Kuongeza dozi nyingine ya vidonge hakutatui kitu.

Kwa mtoto chini ya miaka mitano, saa inakwenda haraka zaidi. Zipo dalili nne ambazo moja tu inatosha kukutoa nyumbani, hata iwe saa nane usiku: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, ana degedege au amelipata katika ugonjwa huu, au amelegea na haamki vizuri. Ya tano, kupumua kwa kasi, unaihesabu mwenyewe. Subiri atulie, asiwe analia wala kunyonya. Pandisha shati uone kifua na tumbo. Weka simu yako ihesabu dakika nzima, siyo nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana mtoto hapumui kwa mwendo ulio sawa. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Miezi miwili hadi kumi na moja ni 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Na kama anapovuta pumzi sehemu ya chini ya mbavu inabonyea ndani, usisubiri kupambazuke. Mtoto wa namna hii anahitaji mahali penye oksijeni na kitanda, yaani kituo cha afya au hospitali.

Kuhara bila dalili hizo ni kazi ya zahanati, na tiba yake huanzia jikoni: pakiti moja ya ORS ndani ya lita moja ya maji safi na salama. Ipime lita hiyo kwa chupa ya maji ya lita moja. Usikisie kwa jagi. Maji yakipungua chumvi inazidi na inamdhuru mtoto, yakizidi dawa haifanyi kazi. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 mwaga, koroga mwingine. Zinki mpe kwa siku zote alizoandikiwa hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu.

Degedege lina uvumi wake, na uvumi huo umezika watoto. Unasema mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, kwa hiyo atangulie kwa mganga. Degedege la mtoto mwenye homa linaweza kuwa la homa yenyewe, la malaria kali au la homa ya uti wa mgongo, na hayo mawili ya mwisho huua kwa saa. Wanaofariki baada ya sindano mara nyingi ni waliofikishwa wakiwa wamechelewa, sindano ikawa jambo la mwisho watu walilolikumbuka. Mlaze mtoto ubavu, mlegezee nguo, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimfukize moshi. Mpeleke mlango ulio karibu, hata kama ni zahanati. Watamsaidia kulituliza na kumtayarisha kwa safari ya kwenda mbele.

Hapo tumefika penye mkanganyiko mkubwa kuliko yote. Dharura inaruka ngazi au hairuki?

Inategemea ile saa. Tishio likiwa la dakika, kwa mfano damu inamwagika, pumzi inakatika au mtu anadegedeka bila kukoma, nenda mlango wa kwanza wenye mhudumu wa afya. Zahanati ya kijijini haitamfanyia upasuaji, lakini itabana jeraha, itaweka dripu, itafungua njia ya hewa. Mgonjwa aliyepitishwa mbele ya mlango huo ili "tuwahi General" anaweza kufia njiani kwa kukosa kitu ambacho zahanati ilikuwa nacho. Wewe mwenyewe kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa mkono imara bila kufunuafunua, uendelee kukandamiza hadi mfike.

Tishio likiwa la saa, na kifaa kinachohitajika unakijua, nenda moja kwa moja kilipo. Kiharusi ndiyo mfano wazi. Mdomo umeenda upande, mkono mmoja hauinuki, maneno yanakatika. Daktari hawezi kujua kwa macho kama mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka. Jibu linatoka kwenye CT-skani, na tiba ya moja ni sumu kwa nyingine. Ndiyo maana usimpe aspirini nyumbani, wala chakula, wala maji, kwani koo lake huenda nalo limepooza. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu, pale inapopatikana, ina nafasi ya takriban saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kwa hiyo kitu cha thamani kuliko vyote utakachopeleka hospitali ni saa kamili aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Iandike kwenye karatasi. Wagonjwa wengi hupoteza muda huo wakikandwa na kuchuliwa, kwa imani kwamba wamepigwa na upepo mbaya.

Maumivu ya kifua yanayobana kama mtu amekukalia, yakipanda taya au mkono wa kushoto pamoja na jasho baridi, nayo ni ya hospitali. Watu huyaita vidonda vya tumbo, wakanywa maziwa na kulala.

Kuumwa na nyoka ni jambo la kawaida vijijini kwetu, hasa kifutu anayelala njiani jioni. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, usitegemee jiwe jeusi. Mvue pete na viatu kabla hajavimba, tuliza kiungo kwa kukifunga kwenye kipande cha ubao kama kilichovunjika, asitembee. Dawa ya sumu ya nyoka kwa kawaida haikai zahanati, kwa hiyo pigeni simu mbele kuuliza ilipo wakati bodaboda au gari linatafutwa. Kwa mbwa, anza na maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili kabla ya safari. Hatua hiyo ndogo inapunguza sana virusi vya kichaa cha mbwa kwenye jeraha. Kisha fuata chanjo siku hiyohiyo hata kama kidonda ni cha kukwaruzwa tu, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza, mgonjwa karibu haponi.

Na ile PF3? Ni fomu ya polisi kwa majeraha ya ajali au kupigwa. Inahitajika kwa ajili ya kumbukumbu na kesi. Haipaswi kumzuia mtu anayevuja damu asihudumiwe. Mmoja abaki na mgonjwa, mwingine aende kituo cha polisi.

Kwa mjamzito, mlango huchaguliwa kabla ya uchungu. Kadi ya kliniki ina mambo yanayomwonyesha mkunga kwamba huyu asijifungulie zahanati: mimba ya kwanza katika umri mdogo sana, umri zaidi ya miaka 35, mimba ya tano na kuendelea, kimo chini ya sentimita 150, upasuaji uliopita, mapacha, presha, au aliwahi kupoteza mtoto wakati wa kujifungua. Mama aliyepasuliwa mara ya kwanza akapona vizuri huwa ndiye mgumu kumshawishi, kwa kuwa anajiona mzima. Kovu la mfuko wa uzazi linaweza kuachia katikati ya uchungu, na hapo kinachohitajika ni chumba cha upasuaji ndani ya dakika chache. Asogee mjini au kwenye kituo chenye upasuaji wiki mbili au tatu kabla ya tarehe yake. Dharura ikitokea, namba 115 ya mpango wa m-mama hupigwa bure. Ni kwa mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya siku 42 na mtoto mchanga wa hadi siku 28. Gari la wagonjwa lisipokuwa karibu, hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na familia haimlipi. Kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe na kuvimba uso ni dalili za kifafa cha mimba, kwa hiyo piga kabla ya mtetemeko wa kwanza.

Magonjwa ya kudumu yanakwenda kinyume cha watu wanavyodhani. Presha au kisukari kikishagunduliwa na dawa zikapatikana zinazokutosha, kituo cha afya cha karibu ni bora kwako kuliko hospitali kubwa, kwa sababu utaenda kila mwezi bila kukosa. Anayetoka Chipanga kwenda mjini kwa ajili ya vidonge huacha mwezi ambao nauli imekosekana, na kiharusi hakimsubiri. Rudi kwa bingwa pale vipimo vinapogoma, mfano presha inabaki juu ya 140 kwa 90 ingawa unameza dawa kila siku. Kabla ya kupimwa kaa umetulia dakika tano, mgongo umeegemea. Ukipimwa umetoka kupanda ngazi, utaongezewa dawa usiyoihitaji. Vivyo hivyo kikohozi cha wiki mbili au zaidi: makohozi yanapokelewa ngazi ya chini, na matibabu ya kifua kikuu ni bure. Haina haja ya kwenda kutafuta eksirei ya kulipia kwanza.

Kuhusu Mirembe, neno hilo limegeuzwa tusi hapa mjini, na tusi hilo linawachelewesha watu. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na wapo wanaohudumiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo kwa kukosa usingizi, huzuni isiyoisha baada ya msiba, au ulevi uliowashinda. Kwa hali isiyo kali, anza na daktari wa hospitali ya wilaya au mkoa. Anayezungumzia kujiua, au anayesikia sauti zinazomwamuru kufanya jambo, asiachwe peke yake, apelekwe leo.

Dukani pia kuna ngazi. Famasi husimamiwa na mfamasia na huuza dawa za aina nyingi, zikiwemo za cheti. Duka la dawa muhimu lina orodha fupi iliyoruhusiwa. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililo mahali pa kuchomwa sindano au kuwekewa dripu nyuma ya kaunta. Na zile "rangi mbili" nne, yaani vidonge vya antibiotiki, unazonunua kwa ajili ya koo hazitoshi dozi ya ugonjwa wowote. Zinaua vijidudu dhaifu na kuacha sugu.

Limebaki suala la rufaa na pesa. Rufaa ni kumkabidhi mgonjwa pamoja na kila kilichokwisha kujulikana juu yake. Fomu nzuri ina ugonjwa unaodhaniwa, vipimo vilivyofanyika na majibu yake, dawa alizopewa na saa alizopewa, na sababu ya kumpeleka mbele. Isome kabla hujaondoka. Ikiandikwa tu "kwa matibabu zaidi", omba ijazwe, maana bila hayo bingwa ataanza upya na wewe utalipia vipimo vilevile mara mbili. Ipige picha kwa simu. Beba maboksi ya dawa zote, za kienyeji pia. Omba kituo kipige simu kule unakokwenda kuuliza kama mtaalamu yupo siku hiyo, kwa sababu kliniki za mabingwa wengi zina siku zake.

Kwenye bima, kuruka ngazi bila rufaa na bila dharura kunaweza kukufanya ulipe mfukoni ukiwa na kadi. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii ambao kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, iliwekwa ifike hospitali ya rufaa ya mkoa, haikupanda hadi kanda. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imebadili mpangilio, kwa hiyo muulize ofisa wa bima kituoni kwako kifurushi chako kinaishia ngazi ipi, ukiwa mzima bado. Msamaha nao upo: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Mzee anahitaji kitambulisho cha msamaha kinachoanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na akienda kukifuata siku anayougua, atakuta ofisi imefungwa au mtendaji yuko kikaoni.

Na kama zahanati yako kweli haina dawa au tabibu hayupo, usiishie kulalamika bodaboda ikikupeleka mjini. Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wa wananchi. Waulize majina yao, uliza lini dawa ziliagizwa mara ya mwisho na zipi hazikufika.